Madeni Matatu ya Sumu: Mwongozo kwa Aliyedhuriwa na Kiwanda, Bomba au Lori

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu akaaye karibu na kiwanda, ghala, bomba la mafuta au barabara kuu ya malori, ambaye siku moja huona maji ya kisima yamegeuka rangi, au mbuzi wamekufa kando ya mfereji, au watoto wa mtaa mzima wamepatwa na maradhi ambayo zahanati haiwezi kuyaeleza, naye asijue aanzie wapi wala amshike nani. Mtu huyo aghalabu huambiwa na jamaa zake kwamba kushindana na tajiri ni kupoteza wakati, na kwamba sheria ni ya wenye mawakili. Walakini mambo yaliyopita katika mahakama zetu miaka hii ya karibuni yamethibitisha kinyume chake, maadamu mwenye kudhuriwa ajue anachokidai, amdai anayestahili kudaiwa, na ahifadhi ushahidi wake tangu siku ya kwanza.

Jambo la kulishika kabla ya yote, ambalo ndilo msingi wa yatakayofuata, ni kwamba sumu ikimwagika huzaa madeni matatu. La kwanza ni faini, nayo ni deni la dola, adhabu ya kuvunja sheria, ambayo huingia katika hazina ya serikali. La pili ni fidia, nayo ni deni la watu, kwa afya iliyoharibika, mifugo iliyokufa, mazao yaliyokauka na jamaa waliofariki. La tatu ni gharama za kusafisha, nalo ni deni la ardhi na maji, ambalo halihesabiwi kuwa limelipwa mpaka udongo, kisima na mto virudi katika hali ambayo mtu aweza kukaa, kulima na kunywa bila hofu. Kila deni lina mdai wake, mlango wake na kipimo chake, na wanyonge wengi wamepoteza haki zao kwa kuwa deni moja lililipwa hadharani, na yale mawili yakasahauliwa nyuma yake.

Chukua mfano wa Tanzania. Mwezi wa Mei mwaka 2019 serikali, kwa mkono wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, iliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji yenye sumu yaliyovuja kutoka bwawa la mabaki ya madini. Faini hiyo ilikuwa haki, na ilikuwa onyo. Lakini faini kwa tabia yake haimfikii mfugaji aliyepoteza ng'ombe, wala haichimbui udongo uliooza. Msomaji akisikia kwamba kampuni fulani imetozwa faini, na ajiulize hapo hapo: la watu je, na la ardhi je?

Sheria nitakazozitaja kwa majina ni za Kenya, kwa kuwa ndiko ilikotoka hukumu iliyo wazi kuliko nyingine katika jambo hili. Msomaji wa Tanzania anayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo nayo inamtambua kila mtu kuwa na haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kushtaki mazingira hayo yanapohatarishwa. Njia yake inafanana na hii, ingawa majina ya ofisi na hesabu za siku ni nyingine.

Kisa cha Owino Uhuru

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato kidogo huko Mikindani, Mombasa, uliopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi wa tanuri ulitua mapaani na katika mapipa ya maji ya mvua, na maji machafu ya kiwanda yalipita vichochoroni walikocheza watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, mwanawe mchanga aliugua, na damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na risasi. Tangu hapo alianza kuwakusanya majirani, akaandika barua, akaandamana, akakamatwa, na hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Kufungwa kwa kiwanda hakukulipa deni hata moja. Mwaka 2016 shauri lilifunguliwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa, na tarehe 16 Julai 2020 mahakama ilitoa hukumu ambayo kila mwenye kudhuriwa yafaa aijue. Iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya mwili na vifo. Kisha, mbali na hizo, iliamuru udongo na maji ya mtaa visafishwe na taka zilizotupwa humo ziondolewe katika muda wa miezi 4, na kwamba hilo lisipofanyika zitolewe shilingi milioni 700 ili walalamikaji wausimamie usafishaji wenyewe. Wadaiwa hawakuwa wenye kiwanda peke yao: wizara za serikali na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje zilibebeshwa sehemu, na sehemu iliyo kubwa kuliko zote, asilimia 40, ikaiangukia Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ambayo kazi yake ilikuwa kuwalinda watu wale. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua kiasi cha fidia na kuagiza kihesabiwe upya. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikakirejesha.

Yamo katika kisa hiki yote ambayo mwongozo huu unakusudia kuyafundisha: deni la watu na deni la ardhi yaliandikwa mbalimbali, wadaiwa walikuwa wengi, na safari ilikuwa ndefu.

Nani mwenye dhima

Wengi hudhani kwamba ili kumshika mtu kwa sumu iliyomwagika, sharti kwanza uthibitishe kwamba alifanya uzembe. Sivyo hivyo kila mara. Katika sheria ya Kiingereza tuliyoirithi iko hukumu ya Rylands na Fletcher ya mwaka 1868, iliyohusu maji ya bwawa yaliyopenya na kuujaza mgodi wa jirani, nayo ilisimamisha kanuni kwamba mtu aletaye katika ardhi yake kitu kisicho cha matumizi ya kawaida, ambacho kikitoroka kitadhuru, hukiweka kwa hatari yake mwenyewe, na kikitoroka hulipa, ijapokuwa alikuwa mwangalifu. Watu wa pwani hawakuwa wageni wa fikira hiyo, kwa kuwa mafakihi wa Kiislamu walikwisha kufundisha tangu karne nyingi kwamba dhara huondolewa, na kwamba milki ya mtu haimpi ruhusa ya kumdhuru jirani yake. Nayo sheria ya sasa imeikubali rasmi kanuni ya kwamba mchafuzi ndiye alipaye.

Basi ukitafuta wa kumdai, usikome kwa yule aliyefungua koki. Wa kwanza ni mwenye kuendesha kiwanda, ghala, gari au chombo. Kifungu cha 93 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinamlazimisha mtu huyo, sumu au mafuta yanapomtoka, aiarifu Mamlaka mara moja, aanze kusafisha mara moja kwa njia iliyo bora ipatikanayo, na atii maagizo atakayopewa. Akikaidi, Mamlaka yaweza kukishika kiwanda, gari au chombo chenyewe, na ukipita muda wa kadiri usiozidi miezi 6 yaweza, kwa amri ya mahakama, kukiuza ili gharama zipatikane. Akitiwa hatiani, mahakama yaweza kumwamuru, zaidi ya adhabu yake, alipe gharama za kuondoa sumu pamoja na hasara za watu wengine.

Wa pili ni mwenye ardhi aliyeipangisha huku akijua kazi ifanywayo humo. Katika shauri la Owino Uhuru mwenye ardhi aliunganishwa miongoni mwa wadaiwa. Wa tatu ni wakurugenzi na maofisa wa kampuni, ambao sheria hiyo hiyo huwatia hatiani wao wenyewe iwapo walijua kosa na hawakufanya bidii ya kulizuia. Wa nne ni ofisi ya umma iliyotoa kibali pasipostahili, au iliyopokea malalamiko ikayaweka sandukuni. Huyu wa nne usimsahau hata kidogo, kwa sababu kampuni yaweza kufunga milango, kubadili jina na kuhamisha mali, ilhali ofisi ya umma haina pa kuhamia.

Saa za kwanza

Uhai hutangulia madai. Ikiwa kilichomwagika ni petroli au mafuta mengine yawakayo, ondoka kuelekea upande unakotoka upepo, zima moto wote, na usimruhusu mtu yeyote kuchota, hata akiwa na dhiki namna gani. Tuliona Sachang'wan mwezi wa Januari 2009, tukaona Sinai mjini Nairobi tarehe 12 Septemba 2011, tukaona Msamvu mjini Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, jinsi umati wa wachotaji na watazamaji ulivyoteketea kwa cheche moja. Na hapana fidia itakayomrudisha mzazi kwa wanawe.

Ikiwa dhara ni la maji, acheni kuyanywa, kuyapikia na kuyanyweshea mifugo mpaka yapimwe. Na hapa iko hadhari ambayo wengi hawaijui: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi risasi wala madini mengine, bali maji yanavyopungua sufuriani ndivyo madini yanavyozidi kukolea. Ikiwa dhara ni la vumbi au moshi wa kiwanda, watoto waoshwe mikono kabla ya kula, sakafu ipigwe deki kwa tambara bichi badala ya kufagiwa, na mfanyakazi wa kiwandani avue nguo zake za kazi kabla hajambeba mwanawe. Risasi haina kiasi chochote kijulikanacho kuwa salama kwa mtoto. Huingia katika ubongo unaokua, na athari zake hudumu. Kwa hiyo wapelekeni watoto na wajawazito wakapimwe damu bila kungoja dalili, na cheti cha kipimo, chenye tarehe na muhuri, kihifadhiwe pamoja na nakala yake.

Daftari la ushahidi

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo maneno haya ni ya kweli zaidi kuliko katika mashauri ya sumu, kwa kuwa sumu husambaa, mvua huiosha, mashahidi huhama, na mdaiwa ana wataalamu waliolipwa ili waseme kwamba maradhi yalikuwako tangu zamani. Fungua daftari siku ile ile. Andika tarehe na saa, ulichokiona, ulichokinusa, upepo ulikuwa unaelekea wapi, nani alikuwako, na kila aliyeugua aliugua nini na alitibiwa wapi. Piga picha zinazoonyesha pahali penyewe pamoja na alama isiyohama, kama mti, mnara au pembe ya ukuta. Hesabu mifugo na mazao yaliyopotea kabla hayajazikwa au kutupwa, na umwite daktari wa mifugo au bwana shamba aandike taarifa.

Sampuli za udongo na maji zina adabu yake. Zichukuliwe mbele ya mashahidi, katika vyombo safi vyenye kifuniko, na kila kimoja kiandikwe namba, pahali, kina cha udongo, tarehe na jina la aliyechukua. Chukua pia sampuli kutoka pahali pa mbali ambapo sumu haikufika, kwa sababu mdaiwa atasema kwamba ardhi yote ya nchi ile ndivyo ilivyo, na sampuli ile ndiyo itakayomjibu. Gawa kila sampuli mara mbili, nusu moja iende maabara inayotambuliwa, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na nusu ibaki imefungwa. Kila mkono unaoipokea uweke sahihi, ili siku ya ushahidi wakili wa upande wa pili asipate mwanya wa kuuliza ilikuwa wapi usiku wa Jumanne.

Usifanye haya peke yako. Undeni kamati ya mtaa, yenye wanawake ndani yake, maana wao ndio wanaojua mtoto yupi aliugua lini na mimba ipi iliharibika mwezi gani. Na daftari liwe na nakala katika nyumba mbili zilizo mbalimbali.

Kwenda kwa Mamlaka

Peleka malalamiko kwa maandishi katika ofisi ya NEMA ya kaunti yako, pamoja na nakala kwa idara ya afya na ya mazingira ya kaunti, na usiondoke mpaka nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo una kazi mbili: unaianzisha serikali katika wajibu wake, na ikiwa serikali itanyamaza, ndio utakaokuwa shahidi wa kunyamaza kwake. Omba mambo matatu kwa majina yake: ukaguzi wa pahali penyewe, kuzuiliwa kwa kazi inayotoa sumu, na amri ya kurejesha mazingira katika hali yake. Amri hii ya mwisho ni silaha kubwa ambayo watu wachache huikumbuka. Kwayo Mamlaka humwagiza mchafuzi asafishe, na asipotii yaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe, kisha ikamdai gharama kama deni la kawaida.

Wakati huo huo tumia haki yako ya kupata habari, iliyo katika Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na katika Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Omba nakala ya kibali cha tathmini ya athari za kimazingira cha kiwanda hicho, taarifa zake za ukaguzi wa kila mwaka, na matokeo ya vipimo vyovyote vilivyofanywa mtaani kwenu. Ofisi ya umma yapaswa kukujibu katika siku 21, na habari ikigusa uhai wa mtu, katika saa 48. Haki hiyo haikomei kwa serikali, kwa kuwa Katiba inakuruhusu kudai hata habari iliyo mikononi mwa kampuni, iwapo unaihitaji ili kuilinda haki yako. Mara nyingi karatasi iliyo nzito kuliko zote katika shauri hutoka katika jalada la mdaiwa mwenyewe.

Kwenda mahakamani

Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamfungulia mlango wa mahakama anapoona haki hiyo imevunjwa au iko katika hatari ya kuvunjwa. Katika Ibara hiyo limo neno lenye thamani kubwa kwa mnyonge: mlalamikaji halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Maana yake ni kwamba huhitaji kungoja maiti ili upate kusikilizwa. Moshi ukionekana na tanuri likijulikana, waweza kuomba lisimamishwe. Fidia, lakini, ni jambo jingine, nayo huhitaji vyeti vya hospitali, risiti na mashahidi kwa kila mtu anayedai.

Kwa asiye na wakili, kanuni za mwaka 2013 za kulinda haki za msingi zinairuhusu mahakama kupokea malalamiko hata kwa barua au kwa maneno ya mdomo, maadamu yanaeleza haki iliyovunjwa. Hata hivyo shauri la sumu ni pevu, lina sayansi na lina wapinzani wenye nguvu, na kwa hiyo tafuta msaada kwa asasi zitetezi au kwa huduma ya kitaifa ya msaada wa sheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Muda ni adui asiyeonekana. Dai la kawaida la madhara lina miaka 3 tangu kutokea kwake, na likiwa dhidi ya serikali yenyewe lina miezi 12 tu. Kwa maradhi ambayo mtu hakuweza kuyajua chanzo chake mapema, mahakama yaweza kumruhusu aliyechelewa, lakini ruhusa hiyo huombwa na hupewa kwa sababu zilizothibitishwa. Malalamiko ya kikatiba hayakuwekewa ukomo wa siku, ila kuchelewa kusikoelezeka huweza kuyaharibu. Kwa yote hayo, aliyepata majibu ya maabara leo na amwone wakili juma hili.

Deni la ardhi

Nimekuja sasa katika deni linalopuuzwa kuliko yote, nami namwomba msomaji alisome kwa makini. Risasi iliyoingia katika udongo haiozi wala haifi kwa kuzeeka. Itakuwako wakati wajukuu wa wanaodai leo watakapokuwa wakicheza pale pale. Mafuta yana tabia nyingine: mwaka 2015 bomba lilipovuja Thange, katika kaunti ya Makueni, mafuta yalipita chini ya ardhi pasipo kuonekana hadi yakaingia mtoni na visimani. Kwa hiyo mchafuzi anayeleta lori la mchanga, akafunika doa na kuondoka, hajasafisha kitu, ameficha tu.

Kusafisha kwa haki kuna hatua zake, na kila hatua ina gharama ambayo yapasa itajwe katika dai. Kwanza chanzo kizibwe. Pili upimwe upana na kina cha sumu, juu ya ardhi na katika maji ya chini, ili ijulikane inakomea wapi. Tatu udongo ulioharibika uchimbuliwe na kuondolewa, au, kwa baadhi ya mafuta, ugeuzwe na kupewa hewa ili vijidudu vya udongo vipate kuyavunja. Nne udongo uliochimbuliwa, ambao sasa wenyewe ni taka ya sumu, usafirishwe na mwenye leseni, kwa hati inayoufuata hadi pahali palipoidhinishwa, usije ukamwagwa usiku katika kijiji kingine na kuwazalia wengine msiba ule ule. Tano mapaa, matangi, magodoro na sakafu za nyumba visafishwe au vibadilishwe, kwa sababu mtoto hulala ndani, halali kiwandani. Sita upimaji urudiwe baada ya kazi, na mtu asiyelipwa na mdaiwa, na uendelee kwa miaka. Juu ya hayo yapo maji ya kuletwa kwa magari wakati visima vimefungwa, na kodi ya nyumba za muda kwa watakaohamishwa.

Ukiomba amri ya kusafisha, iombe iwe na mambo manne: kiwango ambacho udongo na maji sharti vifikie, muda wa kazi, msimamizi anayekubaliwa na pande zote, na kiasi cha fedha kitakachotolewa iwapo muda utapita bure. Hili la mwisho ndilo hekima ya hukumu ya Owino Uhuru, maana amri isiyo na muda wala thamani humwachia mdaiwa nafasi ya kusema kila mwaka kwamba anajitayarisha.

Hukumu na malipo

Hukumu haijawa fedha. Walioshinda mwaka 2020 walipelekwa katika rufaa mbili, na wote wanaoingia katika safari hii na wajiandae kwa miaka, wapange nani atashika majalada kiongozi akichoka au akifa, na wakubaliane mapema, kwa maandishi, jinsi fidia itakavyogawanywa, kwa sababu mitaa iliyoshikamana katika dhiki imepata kufarakana katika neema. Jueni pia kwamba mali ya serikali haikamatwi na kupigwa mnada kama mali ya mfanyabiashara. Mshindi huchukua cheti cha amri kutoka mahakamani, akakifikisha kwa ofisa mhasibu wa wizara, na asipolipwa huomba amri ya kumlazimisha ofisa huyo kutimiza wajibu wake. Ni njia ya kuchosha, lakini ni njia.

Ukiletewa suluhu

Kabla ya hukumu, aghalabu atakuja mtu mpole na bahasha na karatasi. Suluhu si jambo baya. Yaweza kuokoa miaka, na wagonjwa hawana miaka ya kutoa. Lakini usiweke sahihi siku uliyoletewa karatasi, wala katika lugha usiyoisoma vema, wala kabla wakili wa kwenu hajaipitia. Isome kwa swali moja mkononi: inalipa deni lipi kati ya yale matatu? Ikisema kwamba malipo haya yanamaliza madai yote, ya sasa na ya baadaye, ujue umeombwa kuuza afya ambayo bado hujajua ugonjwa wake, na ardhi ambayo si yako peke yako. Kwa mtoto ambaye shauri lake limo mahakamani, mzazi hana mamlaka ya kulimaliza kwa makubaliano bila ruhusa ya mahakama, na ni vema ilivyo hivyo.

Pokea fidia ya mwili kama ni ya haki, nawe uandike kwa maneno dhahiri kwamba gharama za kusafisha hazimo ndani yake, na kwamba maradhi yatakayodhihiri baadaye hayakusamehewa. Mdaiwa akikataa kuyaandika maneno hayo mawili, amekwisha kukuambia ni deni lipi analokusudia kukuachia, nawe uirudishe karatasi yake ikiwa tupu.